Hezroni Mwaisabila, Mjuzi wa Magari ya Zamani, na Jirani Yake Ambaye Hakusomewa

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, uongozi wa kijiji cha Ipyana, wafiwa wenzangu, na ninyi nyote mlioacha mpunga na kakao mkaja kukaa nasi chini ya turubai hili, nawasalimu kwa jina la Bwana, na kwa Kinyakyusa chetu nawaambia ndaga fijo, asanteni sana.

Mimi ni Eliud Mwaisabila, mdogo wake marehemu wa kumfuata, na ukoo umenipa kazi ya kusoma historia yake, kazi ambayo ningefurahi kumwachia mwingine, ila wengine wote waliikataa. Tangu asubuhi mmekuwa mkinong'onezana kwa nini jeneza limeshatoka ndani na kaburi halijachimbwa, na vijana wamekaa nyuma ya kichanja cha kakao na majembe yao kama watu walionyimwa kibarua. Sababu ni kwamba marehemu mwenyewe, mbele ya wazee wa ukoo nami nikiwepo, aliapa kwamba asizikwe katika udongo wa Ipyana mpaka mama Prisca, mjane wa Yakobo Mwakatundu, aruhusu. Mama Prisca alifika jana kutoka Karonga, ng'ambo Malawi, yule pale ameketi kwenye mkeka wa mbele na mwanawe Andendekisye, na jibu lake ametupa leo alfajiri, nami nitalisema mahali pake. Naomba mnivumilie, kwa kuwa historia hii haikuandikwa kumpamba mtu.

Marehemu Hezroni Anyelwisye Mwaisabila alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Ipyana, akiwa mtoto wa pili wa mzee wetu Anyelwisye na mama yetu Tumpale, ambao wote wametangulia mbele za haki, akabatizwa mwaka huohuo na kupata kipaimara mwaka 1966. Alisoma shule ya msingi hapahapa nyumbani kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akamaliza darasa la saba, nafasi ya kuendelea hakuipata, na kusema kweli akili yake ilikuwa barabarani muda wote, kwa kuwa alikuwa akisikia mlio wa gari likiwa bado ng'ambo ya mto na kututajia ni la nani, nasi wadogo zake tukikimbia kwenda kuhakikisha tulikuta hajakosea, jambo lililompa sifa mapema, na kiburi kidogo pamoja na sifa.

Mwaka 1968 alikwenda Mbeya, akapokelewa katika gereji ya fundi mmoja Singasinga, mtu mkali aliyekuwa na desturi yake, kwamba gari likiingia hakuna kufungua boneti kabla mwanafunzi hajalizunguka na kutaja kipi kilitoka nalo kiwandani na kipi kilibandikwa baadaye, na aliyekosea alishinda siku hiyo akiosha injini. Kaka yangu aliosha injini mwaka mmoja tu. Magari yale ya zamani, hasa Landrova, hayakutoka kiwandani yakiwa sawasawa, mnunuzi aliagiza alichotaka, huyu akaagiza paa la pili la kukinga jua, yule winchi ya mbele, mwingine hita ya kupasha joto au taa za njano za ukungu, na baada ya miaka mingi, gari likiwa limepita mikono ya watu wengi na kubandikwa kila takataka, inahitajika akili ya pekee kusema lilizaliwa na nini. Hiyo ndiyo akili aliyorudi nayo Kyela mwaka 1975, alipofungua gereji yake karibu na soko.

Wengi mnakumbuka namna alivyofanya kazi, hakuanza na injini, alianza na kibati cha namba, kisha akainama kutazama ribiti za bodi, vile vipini vinavyoshikisha bati, akakwangua rangi kwa ukucha wa kidole gumba mpaka akaifikia ya kwanza, na ndipo akasema, taa hii si yake, kiti hiki si chake, usukani ni wake. Waliokusanya magari ya kale walimfuata kutoka Arusha, Nairobi na Lilongwe, na neno lake halikurudiwa mara mbili. Kila siku alitamka kwamba gari halidanganyi, muongo ni binadamu. Hata katika harusi ya mwanangu mwaka 2009, aliposimama kutoa nasaha, aliwatangazia wageni kwamba bampa la gari la maharusi si lake, na bi harusi alilia. Tulicheka siku ile. Lakini mazoea hayohayo ya kuondoa kwa macho kila kisicho cha asili, ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo leo.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na marehemu shemeji yetu Asifiwe, binti wa Busale, na msimamizi wake katika ndoa hiyo alikuwa rafiki na jirani yake, Yakobo Mwakatundu, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka mchele ng'ambo Malawi na kurudi na samaki wakavu na vitenge. Mungu aliwajalia watoto wanne, Kisa aliyezaliwa mwaka 1978, Dickson mwaka 1980, Sekela mwaka 1984 na Jubilate mwaka 1990. Yakobo ndiye aliyembeba Kisa kwenye gari lake kumleta nyumbani siku ya pili baada ya kuzaliwa, na mtoto yule alipoanza kusema alimwita baba wa gari.

Tarehe 6 Juni 1988, siku ya Jumatatu, jioni giza likianza kuingia, Kisa alitumwa dukani kununua chumvi, akagongwa na gari katika barabara ya kwenda Kyela mjini, na gari hilo halikusimama. Alikuwa na umri wa miaka kumi. Waliofika kwanza walimkuta ameshakata roho, na kando yake palikuwa na vipande vya kioo cha njano, na pete ya chuma ya taa ya ukungu iliyovunjika sikio moja, yaani kile kipande kidogo kinachoshika skrubu. Kaka yangu alimfunika mwanawe kwa shati lake, kisha akaiokota pete ile, akaitambua palepale.

Alijua kwamba taa ya namna ile iliagizwa kiwandani na watu wa milimani kwenye baridi na ukungu, na kwamba huku kwetu ziwani, tunakotokwa jasho hata usiku, hakuna mwenye akili aliyeiagiza. Landrova la Yakobo peke yake ndilo lililokuwa nayo, kwa sababu alilinunua kwa wamisionari waliolitumia milimani huko Malawi, na taa yake ya kulia haikuwepo. Yakobo alisema iliibwa sokoni Karonga mwezi wa nne, akaapa kwa jina la Kyala, Mungu wetu, na kwa kaburi la baba yake. Waliomchunguza walimuuliza marehemu kama kuna gari jingine wilaya nzima lenye taa kama zile, naye akajibu hakuna. Yakobo aliachiwa kwa kukosa ushahidi, lakini sisi wanakijiji hatukuhitaji ushahidi, tulikuwa na neno la Hezroni.

Alitengwa. Hakuna aliyemwendea kuomba moto wala aliyempa, hakuna aliyekula kwake, watoto wake walikaa peke yao kwenye dawati, na mama Prisca akifika kisimani wenzake waliinua ndoo zao wakaondoka zikiwa tupu. Shemeji Asifiwe pekee, mama wa mtoto aliyekufa, ndiye aliyesema jikoni kwake kwamba mtu anayesimamisha gari kuwapisha mabata hawezi kumwacha Kisa barabarani, na mume wake akamwambia kwamba mabata hayana taa ya njano. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo Yakobo alihamia Karonga na familia yake, akaacha nyumba, migomba na kakao changa iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuzaa.

Yakobo alifariki huko mwaka 1994. Ndugu zake waliona kwamba mtu akifa hasira nazo zinakufa, wakachimba kaburi hapa Ipyana kando ya baba yake, na tarehe 17 Septemba maiti ikavushwa daraja la Songwe, ikaletwa. Mimi nilikuwa kazini Tunduma, haya nimesimuliwa na walioshika majembe, na baadhi yao wamekaa hapa. Kaka yangu alifika kabla ya jeneza, akateremka ndani ya kaburi lile, akalala chali, akasema Yakobo hatalala udongo mmoja na mtoto aliyemuua, anayetaka kumzika na amzike juu yake. Walimbembeleza mpaka jua likaanza kushuka. Mama Prisca alikuwa amesimama kwenye ukingo akimtazama. Mwishowe wazee wakaamua jeneza lirudi lilikotoka, na kwa kuwa kwa desturi yetu kaburi likishafunguliwa haliachwi tupu, wakakata mgomba, wakauzika mahali pa Yakobo.

Yeye alizikwa Karonga siku ya pili, katika eneo la kuazima, na watu walioogopa kuchelewa.

Miaka ikapita, marehemu akaendelea na kazi na jina lake likazidi kukua, na mwaka 2011 tukampoteza shemeji Asifiwe kwa shinikizo la damu, akafa akiamini alichokiamini siku zote. Kisha mwezi wa nane mwaka 2017 akaja mnunuzi kutoka Arusha, aliyekuwa ameona Landrova la zamani huko Busale, limekaa kwenye migomba likitumika kuwekea pumba, akaomba marehemu amwambie lilizaliwa na nini. Kaka yangu alilijua gari lile, alikuwa amelikagua mwaka 1986, wakati huo likiwa la kijani, mwenyewe akilitumia msimu wa mavuno tu, na sasa lilikuwa jeupe. Alianza kama kawaida yake, kibati, ribiti, ukucha. Kwenye pembe ya mbele kulia alikuta bati limegongwa nyundo na kujazwa puti, ule unga mgumu wa kuzibia mabonde ya bati, akaikwangua puti, na ndani yake kikatokea kishikio cha taa kilichokatwa, skrubu ikiwa bado imeng'ang'ania kisikio cha pete.

Dickson, aliyekuwa naye siku ile, anasema baba yake alikaa chini kwenye pumba, yule mnunuzi akadhani ameugua. Dickson alitumwa nyumbani kuleta pete ya dada yake, ambayo marehemu aliitunza sandukuni miaka yote, na kisikio kile kilikaa pale pete ilipovunjika kama jino kwenye ufizi wake. Mjane wa mwenye gari, bibi wa watu asiyejua kitu, alieleza kwamba marehemu mume wake alilipeleka Mbeya kupakwa rangi mwezi wa sita mwaka 1988, akisema amegonga ng'ombe. Mwenye gari huyo alifariki mwaka 2003, na jina lake sitalitaja hapa, kwa sababu hayupo kujitetea, na ukoo wetu umeshahukumu vya kutosha.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini. Marehemu hakudanganywa na mtu. Taa zile alikuwa ameziona kwa macho yake mwaka 1986, mbili, za njano, na mwenye gari alimwambia kwamba zilifungwa na wakala Dar es Salaam siku ya kukabidhiwa gari. Lakini kwake yeye kitu kisichotoka kiwandani hakikuwa kitu, alikipita kama anavyopita matope kwenye tairi, na alipoulizwa miaka miwili baadaye kama kuna gari jingine lenye taa hizo, alijibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna, kwa sababu akilini mwake gari lile lilikuwa halina taa. Aliniambia mwenyewe, Eliud, nilikuwa nazo machoni na sikuziona. Tangu siku ile hakusema tena kwamba gari halidanganyi, na wanafunzi wake aliwafundisha kuuliza mambo matatu, kilichotoka kiwandani, kilichofungwa na wakala, na kilichobandikwa na mwenyewe, na kutolidharau hata moja.

Mwezi wa kwanza mwaka 2018 alikwenda Karonga kwa mama Prisca, akabisha hodi, mlango ukabaki umefungwa. Alirudi baada ya mavuno, akapewa maji ya kunywa, akayanywa amesimama nje. Mara ya tatu alimweleza yote, pete ikiwa mkononi, naye mama Prisca akamwambia, "Baba Kisa, ningekuwa mimi uliyenikosea ningejua la kukujibu. Uliyemkosea yuko kule, nenda kamwambie." Alikwenda makaburini, akakaa huko mpaka Andendekisye akamfuata na kumrudisha. Aliomba mifupa ya Yakobo iletwe nyumbani kwa heshima zote, mama Prisca akakataa, akisema mume wake ameshasumbuliwa njiani vya kutosha. Ndipo kaka yangu aliporudi na kula kile kiapo, na wazee walipomwambia anajitafutia aibu, akasema aibu anayo tayari, anatafuta pa kuiweka.

Kuhusu kuugua kwake, marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2019, figo zikaanza kudhoofika mwaka 2022, akawa akisafirishwa Mbeya kusafishwa damu mpaka mwili ukakataa, akarudi nyumbani mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, na siku ya Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akafariki akiwa mikononi mwa binti yake Sekela. Ameacha watoto watatu na wajukuu tisa. Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliomgeuza kitandani sisi tukiwa tumelala, mafundi wenzake wa Kyela waliofunga gereji zao siku nne hizi, kwaya, akina mama wa jikoni, na ndugu zetu waliovuka mpaka kuja kulia nasi. Hatuna cha kuwalipa, Kyala ndiye ajuaye.

Na sasa jibu la mama Prisca. Alfajiri ya leo tulipiga magoti mbele yake, mimi na watoto wa marehemu, tukamuuliza, Sekela akaanza kulia. Mama Prisca akasema, "Mzikeni. Mimi nimerudi na maiti kwenye gari, najua kulivyo, siwezi kumpa mtoto wa mwenzangu mzigo ule. Ila mume wangu alifukiwa kama mtu asiyetoka popote, hakuna aliyesimama kusema amezaliwa lini. Kwanza msomeeni, hapahapa mlipomfukuza, na anayesoma awe wa kwenu. Mkimaliza, chimbeni." Familia imekubali. Wanaume, vueni kofia. Mliokaa kule nyuma, simameni.

Yakobo Ambilikile Mwakatundu alizaliwa tarehe 2 Novemba 1948 hapa Ipyana, mtoto wa kwanza wa mzee Ambilikile Mwakatundu na mama Anyosisye, akabatizwa katika usharika huu huu na kusoma shule ya msingi hapa kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Alilima mpunga na baba yake, kisha akaanza biashara ya mchele kwa baiskeli, baadaye kwa mitumbwi, na mwaka 1977 akanunua gari, ambalo lilibeba wagonjwa wa kijiji hiki kwenda hospitali, na wengine waliobebwa nalo wamo humu wakiwa na wajukuu. Alifunga ndoa na Prisca tarehe 10 Julai 1971, wakajaliwa watoto watano, na wawili kati yao walifariki ugenini. Alikuwa msimamizi wa ndoa ya Hezroni na Asifiwe. Aliugua kifua tangu mwaka 1992, akafariki tarehe 15 Septemba 1994, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, na maneno yake ya mwisho, kwa ushuhuda wa mke wake, yalikuwa kuuliza kama mpunga wa nyumbani umeshavunwa.

Hakumuua Kisa. Alimpenda. Ukoo wa Mwaisabila unalisema hili mbele ya Mungu na mbele ya watu wote, kwa sauti ileile tuliyomshtakia, na atakayelisimulia vinginevyo kuanzia leo anasema uongo.

Yakobo, jirani yetu, lala sasa kwa amani huko uliko, umesomewa nyumbani kwenu. Na wewe Hezroni, kaka yangu, nenda, Bwana akupokee, na ukimwona Yakobo usingoje, wewe ndiye uanze kumwamkia.